Mrejesho: Muda wa fluoresensi uliotoka mfupi kwenye kamera ya CMOS

Niliomba msaada kwa sababu kamera yetu yenye sensa ya CMOS (chipu inayonasa picha), ambayo hukadiria muda wa fluoresensi, yaani muda ambao rangi huendelea kung'aa baada ya kuchochewa na mwanga, kwa kupima jinsi awamu (hatua ya mawimbi) ya mwanga unaopandishwa na kushushwa katika megahezi 40 inavyochelewa, ilinipa takriban nanosekunde 3.2 kwa fluoresini, rangi inayong'aa, iliyoyeyushwa katika maji yenye alikali, ilhali thamani inayojulikana ni karibu 4. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Nilianza kwa kuiacha kamera ipate joto kabla ya kupima na kuondoa kwenye vipimo picha ya giza, yaani iliyopigwa bila mwanga, kwa muda uleule. Namba zilitulia, lakini hazikusogea. Aliyenitaka nikague kichujio cha kuzuia mwanga usiotakiwa ndiye aliyepatia: mwanga wa buluu wa kuchochea sampuli ulikuwa ukivuja hadi kwenye sensa, na kwa kuwa mwanga huo hauna ucheleweshaji wowote, uliivuta awamu kutoka nyuzi 45 zilizotarajiwa hadi kama 39. Nilibadilisha kichujio, kisha nikasawazisha kila pikseli kwa rodamini 6G, rangi nyingine ambayo muda wake unajulikana, badala ya kioo cha kuakisi mwanga, na sasa napata nanosekunde 4.0, katikati na pembeni mwa picha.

Sampuli hafifu bado zinanishinda. Kujumlisha picha nyingi kumepunguza kelele kidogo tu, na rangi za kung'aa zenye muda wa fluoresensi chini ya nusu nanosekunde sizipimi kwa uhakika, kwani katika megahezi 40 awamu yake haifiki hata nyuzi 8.