Kisa cha vita vya baharini vya kisasa: Hormuz, Bab al-Mandab au Mlango wa Msumbiji?

Kete_na_Dira

Wakuu, naandaa kisa kipya cha mchezo wa vita vya baharini. Ni wa mezani: ramani ya karatasi, wachezaji wanne, mwamuzi mmoja, na usizidi saa nne. Zama ni hizi zetu, mataifa ni ya kubuni (Wekundu na Buluu), ila bahari iwe ya kweli. Kina, visiwa na umbali vikishakuwepo, mtunzi hana haja ya kuvumbua jiografia.

Nimebaki na sehemu tatu:

1. Hormuz, mlango wa kutokea Ghuba ya Uajemi: Buluu wanasindikiza meli za mafuta kutoka Ghuba, Wekundu wana mabomu ya kutegwa, boti za kasi na makombora ya pwani.
2. Bab al-Mandab, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu: msafara unashuka kutoka usawa wa Hodeida, bandari ya Yemen, hadi kisiwa cha Mayun, Wekundu wanashambulia kutoka nchi kavu.
3. Mlango wa Msumbiji: meli moja ya Wekundu inawinda meli za biashara na za gesi, Buluu wanaitafuta.

Maili zote kwenye uzi huu tuhesabu ni za baharini, mita 1,852. Mngechagua ipi, na kwa nini?

MwanaMaskati

Hormuz ina sifa moja kubwa: haina pa kukimbilia. Pale pembamba ni kama maili 21, na njia za meli zenyewe ni maili 2 za kuingia, 2 za kutoka, na 2 za kutenganisha katikati. Zinapita upande wa Oman, karibu na Musandam. Maji ya Ghuba yenyewe ni ya kina kifupi, karibu yote hayafiki mita 100, kwa hiyo bomu la kutegwa linafanya kazi popote.

Na hapo ndipo kisa chako kitakapokwama. Bomu la kutegwa ni silaha nzuri katika vita na mbaya mezani. Tarehe 14 Aprili 1988 frigeti (meli ya kivita ya kusindikiza) ya Marekani Samuel B. Roberts nusura izame kwa bomu ambalo asili ya muundo wake ni 1908. Tarehe 18 Februari 1991 meli za kivita za Marekani Tripoli na Princeton zikapigwa siku moja kaskazini mwa Ghuba. Silaha rahisi, hasara kubwa. Lakini kulisafisha eneo ni kazi ya siku nyingi kwa mwendo wa kutambaa, na mchezaji aliyepewa meli za kusafisha atakaa saa nne akirusha dadu peke yake.

Ukiichagua Hormuz, maliza usafishaji kabla mchezo haujaanza. Mwamuzi achore njia moja iliyosafishwa, upana wa heksi (kijumba cha pembe sita cha ramani) moja, na amwambie Buluu kuwa ndani ya njia hatari ni 1 kwenye dadu mbili zenye pande kumi zikisomwa kama namba 1 hadi 100 (yaani asilimia 1), nje ya njia ni asilimia 15 kwa kila heksi. Wekundu nao wawe na fursa moja ya kutega upya usiku kwa jahazi. Hilo tu. Mchezaji wa Buluu ataanza kutilia shaka kila jahazi analoliona, na hiyo ndiyo Hormuz yenyewe.

Usisahau wasiohusika. Ramani ya Hormuz isiyo na majahazi, boti za wavuvi na ndege za abiria ni uongo. Meli ya kivita ya Marekani Vincennes ilidungua ndege ya abiria ya Iran tarehe 3 Julai 1988, wakafa watu 290. Kisa kisichobeba uwezekano huo kinamfundisha mchezaji kufyatua kila kinachosogea.

Mkupuo4

Kabla ya kuchagua bahari, chagua namna ya kuhesabu makombora, kwa sababu sehemu zote tatu zitavunjikia hapo.

Wengi wanaanza na mlingano wa mikupuo (makombora yanayofyatuliwa kwa pamoja) wa Wayne Hughes, mwanamaji wa Marekani aliyeandika juu ya mbinu za vita vya baharini, na ni mwanzo mzuri: hasara = (makombora yaliyolengwa vizuri − yanayozuiwa) ÷ mapigo yanayotosha kuitoa meli moja vitani. Sasa angalia unavyotenda. Korveti (meli ndogo za kivita) 3 za Wekundu, kila moja makombora 4, jumla 12. Frigeti 2 za Buluu, pigo 2 zinaitoa moja vitani.

Kila frigeti ikizuia 4, yanapita 4: frigeti zote mbili zimekwisha. Ikizuia 5, yanapita 2: imekwenda moja. Ikizuia 6, hakuna lililopita.

Tofauti ya kuzuia makombora mawili kwa kila meli imebadilisha matokeo kutoka maangamizi hadi salama salimini. Mtunzi akiweka 6 kwa kukisia, tayari ameamua mshindi jikoni kwake. Kwa hiyo usiweke namba moja. Weka dadu: uwezo wa kuzuia uwe 3 + matokeo ya dadu ya pande sita ÷ 2, ukikata kwenda chini. Utapata kati ya 3 na 6, na hakuna anayejua kabla.

Pia cheza kisa chenyewe zaidi ya mara moja. Kituo cha utafiti cha CSIS cha Marekani walipochapisha matokeo ya mchezo wao wa vita vya Taiwan Januari 2023 walikuwa wamecheza mara 24. Sisi hatuna muda huo, ila mara nne za majaribio ni lazima, mbili kati ya hizo wachezaji wakibadilishana pande.

Heksi_za_Tanga

Mkupuo4 amesema kweli, ila kuna tatizo linalotangulia hilo: saa.

Msafara wa maili 12 kwa saa unataka zamu ndefu. Kombora linaloruka karibu mita 300 kwa sekunde linamaliza safari yake yote ndani ya zamu moja. Ukiweka zamu ya dakika 3 ili kombora lionekane, kutoka Hodeida hadi Mayun utacheza zamu 217 na watu watalala. Weka saa mbili tofauti:

Saa ya nje: zamu ni nusu saa, heksi ni maili 6. Msafara unakwenda heksi 1, frigeti inayofukuza heksi 2, boti ya kasi heksi 3. Kutoka Hodeida hadi Mayun ni maili 130 na kitu, yaani zamu 22. Dakika 8 kwa kila zamu ni chini kidogo ya saa tatu, inabaki saa moja ya mashambulizi.

Saa ya ndani: inafunguka kombora likitokea kwenye upeo wa rada. Upeo wenyewe kwa kilomita ni 4.12 × (kipeuo cha pili cha urefu wa antena + kipeuo cha pili cha urefu wa kombora juu ya maji), urefu wote kwa mita. Antena mita 16, kombora mita 4: 4.12 × (4 + 2) = kilomita 24.7. Kwa mita 300 kwa sekunde, una sekunde 82. Gawa vipande vinne vya sekunde 20: kutambua, mkupuo wa kwanza wa makombora ya ulinzi, mkupuo wa pili, mwisho mzinga wa karibu na makapi ya kuhadaa rada.

Kipande cha kwanza lazima kiweze kupotea. Meli ya Israeli Hanit ilipigwa tarehe 14 Julai 2006 mfumo wake wa kujikinga na makombora ukiwa umezimwa. Kwa hiyo kila zamu ya saa ya nje Buluu aandike kwenye karatasi, siri kwa mwamuzi: wafanyakazi wako tayari au wamepumzika. Zaidi ya zamu 6 mfululizo za utayari, ongeza 1 kwenye dadu ya kutambua (kubwa ni mbaya). Aliyepumzika anapoteza vipande viwili vya kwanza.

Karatasi ya A1 inatosha: heksi ya milimita 30, zamu 22 ni milimita 660 kwenye upande wa 841.

Mkupuo4

Hiyo ya utayari ni nzuri kuliko yangu. Naichukua.

Bandari_Salama

Kura yangu ni Bab al-Mandab, na sababu ni ghala la risasi. Pale swali si "nani ana kombora zuri", ni "nani ataishiwa kwanza", na swali hilo linachezeka mezani kwa sababu kila mtu anaweza kuhesabu kete.

Mfano wa kweli upo karibu. Tangu Novemba 2023 meli za biashara zimeshambuliwa pale kwa droni, makombora na boti zisizo na rubani. Rubymar ilipigwa Februari 2024 na kuzama tarehe 2 Machi. Tutor ilizamishwa Juni 2024, na boti isiyo na rubani ilikuwa sehemu ya shambulio. Kwa upande wa walinzi, frigeti ya Ufaransa Languedoc ina mirija 16 ya makombora ya ulinzi ya Aster. Ukifyatua mbili kwa kila kinachokuja, kama mazoea ya wengi yalivyo, hayo ni malengo 8 tu, na mirija hiyo huijazi katikati ya bahari.

Sasa hesabu ya kisa. Wape Buluu frigeti 2, kila moja makombora 16, mzinga wa milimita 76 na makapi mara mbili. Jumla 32, malengo 16. Wape Wekundu makombora 6 ya kupambana na meli na droni 10. Jumla 16. Umeona? Buluu akifyatua mbili mbili bila kufikiri, anamaliza ghala sawasawa na Wekundu wanapomaliza lao. Sasa ongeza droni 4 za bandia zisizo na kichwa cha mlipuko, ambazo mwamuzi tu anazijua. Buluu sasa analazimika kuacha droni zisogee hadi kilomita 8 apige kwa mzinga, na kuacha kitu kisogee ndiyo roho ya kisa hiki. Kombora moja lilipita hadi kama maili moja kutoka meli ya kivita ya Marekani Gravely tarehe 30 Januari 2024 kabla mzinga wa karibu haujalivunja.

Jiografia inasaidia pia. Mayun inaukata mlango vipande viwili: wa mashariki upana kama kilomita 3 na kina mita 30, wa magharibi kama kilomita 25 na kina mita 310. Mpe Buluu uhuru wa kuchagua kwenye zamu ya 19. Magharibi atachukua wengi, kwa hiyo Wekundu wafiche boti zao mbili huko, katikati ya majahazi 6 yanayovuka kati ya Yemen na Djibouti.

Kosa la kawaida: kumpa Buluu ndege za kivita. Ukiweka manowari ya kubeba ndege hapo, mchezo wa risasi unakufa, kinabaki kisa cha kupiga pwani mabomu.

Kete_na_Dira

Asanteni. Na Msumbiji je? Naipenda kwa sababu meli nyingi zilizohepa Bahari ya Shamu zinapita kusini kule kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na kiwanda cha gesi kinachoelea cha Coral Sul kiko pale kinasafirisha gesi tangu Novemba 2022.

Darubini

Msumbiji ni kisa kizuri cha aina nyingine kabisa: kutafuta. Pembamba pake ni karibu kilomita 400, hakuna makombora ya pwani ya kuogopa, na visiwa vya Ufaransa (Juan de Nova, Europa, Mayotte) vinakupa viwanja vya ndege bila kubuni.

Lakini hesabu inamkataa mchezaji wa Buluu. Meli ya Wekundu ikionekana mara moja kisha ikapotea, kwa mwendo wa maili 18 kwa saa duara la mahali inapoweza kuwa linakua kwa mraba wa muda: baada ya saa 2 ni maili za mraba 4,000 na ushei, baada ya saa 6 ni zaidi ya 36,000. Ndege ya doria ya maili 200 kwa saa inayoona upana wa maili 40 inafagia 8,000 kwa saa. Ikifika ndani ya saa 2 inaweza kulifunika duara. Ikichelewa zaidi ya hapo, duara linakimbia kuliko ndege, na Buluu ataipata kwa bahati tu.

Kwa hiyo kisa chote kinaamuliwa na mahali ulipoiweka ndege zamu ya kwanza. Wachezaji wawili wa Buluu watabishana dakika 20, kisha saa tatu mwamuzi peke yake ndiye anayefurahia ramani ya siri. Ukitaka kuiokoa, kila meli ya biashara inayoshambuliwa itume wito wa redio kwa uwezekano wa 4 kati ya 6, ili duara lianze upya kila mara. Mimi ningeicheza kwa barua pepe, zamu moja kwa siku, si mezani.

Heksi_za_Tanga

Naafiki. Mezani ni Bab al-Mandab. Ila Bandari_Salama, hujasema ushindi unahesabiwaje. Ukisema "Wekundu wakizamisha meli", Buluu atageuza msafara zamu ya kwanza na kudai sare.

Bandari_Salama

Kweli. Msafara uwe wa meli 5. Kila inayovuka Mayun bila kupigwa, Buluu pointi 3. Iliyopigwa ikavuka, pointi 1. Iliyogeuka, Wekundu pointi 2. Jahazi au ndege isiyohusika ikipigwa na Buluu, Wekundu pointi 4. Frigeti kupigwa ni pointi 3 tu, ili Buluu asiifiche nyuma ya meli za mafuta. Makombora ya ulinzi yaliyobaki chini ya 8 mwishoni, Wekundu pointi 2, kwa kuwa kesho kuna msafara mwingine.

MwanaMaskati

Ongeza kadi ya amri za kufyatua, ifungwe kwenye bahasha na kufunguliwa zamu ya 1: "fyatua ukishambuliwa tu" au "fyatua ukiona nia". Mwamuzi aibadilishe mara moja, kati ya zamu ya 8 na 14, bila kueleza sababu. Na weka droni moja ya washirika ambayo Buluu hajaambiwa habari zake. Februari 2024 frigeti ya Ujerumani Hessen ilifyatua makombora mawili kwa droni ya Marekani pale pale, yote yakakosa.

Kete_na_Dira

Basi Bab al-Mandab. Jaribio la kwanza nitaliendesha na majahazi 6, droni za bandia 4, bahasha moja. Swali la mwisho: mwamuzi mmoja ataweza karatasi za siri za pande zote mbili?

Mkupuo4

Ataweza zamu ishirini za kawaida, hataweza zamu ya 21 na 22 pale Mayun. Mtafutie karani wa kushika stopwochi na ghala la risasi.