Msaada: barua pepe za miaka sita zimetoweka kwenye inboksi, lakini faili bado lipo

Taa_Gizani:
Wakuu, habari za muda huu. Naandika nikiwa nimechanganyikiwa kweli.

Natumia Thunderbird, programu ya barua pepe, akaunti ni ya POP3 (barua zinashushwa kutoka kwenye seva kuja kwenye kompyuta), na barua zote tangu 2018 zinakaa kwenye laptopu tu. Kule kwenye seva zinafutwa zikishashuka; nilipanga hivyo mwenyewe kwa sababu nafasi ilikuwa inajaa. Jana programu ikaniomba ruhusa ya kubana folda ili kuokoa nafasi, nikakubali. Ikiwa katikati ya kazi laptopu ikazimika, chaji ilikuwa imekwisha na mimi sikuangalia.

Nilipowasha, inboksi yenye barua zaidi ya elfu ishirini imebaki na 41. Baadhi hazina kichwa wala mtumaji, tarehe inasomeka 01/01/1970. Nikibofya, nyingine ni nyeupe tupu, nyingine inafunguka barua ya mtu mwingine kabisa. Humo ndimo kuna makubaliano yangu yote na wateja. Nimeshaanza kutazama programu za kulipia za kurejesha data.

Popo_Mchana:
Ondoa Thunderbird, isakinishe upya. Mimi hufanya hivyo kila kitu kikigoma.

FundiKimya:
Mkuu Popo, hapo utampoteza mwenzio. Barua hazikai ndani ya programu, zinakaa kwenye folda ya wasifu (profile, inayotunza barua na mipangilio yako), na kusakinisha upya hakuigusi. Atarudi na tatizo lile lile, kisha atatokea wa kumwambia afute na wasifu, na hapo ndipo msiba utakapoanza.

Taa, hizo programu za kulipia ziache kwanza. Funga Thunderbird sasa hivi. Ikiwa wazi inaendelea kushusha barua mpya, na kila inayoingia inaandikwa kwenye faili hilo hilo lenye kasoro. Kisha nenda kwenye folda ya barua (njia yake iko kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya seva, chini kabisa). Utaona faili linaloitwa Inbox, halina kiambishi chochote, na jingine Inbox.msf. Niambie ukubwa wa yote mawili. Na uniambie kama kuna jirani yao anayeitwa nstmp.

Taa_Gizani:
Nimefunga. Inbox ni GB 4.6! Inbox.msf ni KB 38. Na nstmp ipo kweli, GB 1.9. Umejuaje?

FundiKimya:
Basi pumua. GB 4.6 si barua 41. Barua zako zote zimeandikwa mfululizo kwenye Inbox kama maandishi ya kawaida, moja chini ya nyingine, na kila moja inaanza na mstari wenye neno "From". Hiyo .msf ni faharasa tu: inaiambia programu barua fulani inaanzia wapi. Faharasa ikivurugika, programu inachungulia mahali pasipo, ndiyo maana unafungua barua ya Juma unakuta ya Asha. Na hiyo 1970 ni kompyuta kukosa tarehe. Mifumo mingi huhesabu wakati kuanzia 1/1/1970, kwa hiyo sifuri husomeka hivyo.

Kabla ya lolote, nakili folda nzima ya wasifu kwenye diski nyingine. Nzima. Hatutafanya kazi bila nakala.

Taa_Gizani:
Flashi yangu ina nafasi ya GB 20 lakini inakataa, inasema faili ni kubwa mno. Hii nayo ni nini tena?

Mzee_wa_Nyaya:
Mwanangu, hiyo flashi itakuwa imepangwa kwa FAT32, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4 hata kama nafasi ni tele. Hamisha kwanza vilivyomo, uipange upya kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, halafu nakili. Na unapoipanga angalia mara mbili unachagua diski gani. Nimewahi kumuona mtu mzima akilia.

Taa_Gizani:
Imekubali, Mzee. Nakala ninayo.

FundiKimya:
Vizuri. Thunderbird ikiwa imefungwa, futa Inbox.msf peke yake. Soma tena: ile yenye .msf. Fungua programu, bofya inboksi, kisha usiguse kitu. Itaisoma Inbox yote upya na kujenga faharasa mpya, na kwa ukubwa huo inaweza kuonekana imeganda. Chomeka chaja safari hii.

Taa_Gizani:
Wakuu!! Zimerudi. Nimehesabu 18,900 na kitu. Lakini kuna pengo: kuanzia mwisho wa 2019 hadi katikati ya 2020 hakuna barua hata moja.

FundiKimya:
Hapo faili lenyewe limeharibika kipande, faharasa haiwezi kuonyesha kisichosomeka. Sasa zamu ya nstmp. Programu ikibana folda huanza mwanzoni mwa faili, inanakili barua zinazotakiwa kwenye nstmp, na ikimaliza ndipo inaiweka mahali pa Inbox. Yako ilikatika njiani, na pengo lako liko upande wa mwanzo. Funga programu, chukua nakala ya nstmp, iite "Pengo", iweke kwenye folda ya barua za ndani ya kompyuta, fungua. Itajitokeza kama folda ya kawaida.

Na hiyo diski ipime afya. Kipande cha faili hakiozi bure.

Binti_Wino:
Samahani kuingilia. Mimi natumia Outlook, faili la PST, lile linalotunza barua zangu, linagoma kufunguka. Haya yananihusu?

Mzee_wa_Nyaya:
Wazo ni lile lile, vyombo ni vingine. Nakili PST pembeni, kisha tafuta SCANPST.EXE, zana ya kurekebisha PST, huja pamoja na Outlook yenyewe. Iendeshe, irudie hadi isione kosa. Ikiwa PST yako ni ya mtindo wa kabla ya Outlook 2003, angalia ukubwa kwanza: ule mtindo mwisho wake ni GB 2. Na ikiwa faili lako ni OST, usihangaike sana, kwa kawaida hiyo ni kivuli tu cha kilicho kwenye seva. Mengine fungua uzi wako, binti, huu tumwachie mwenyewe.

Taa_Gizani:
"Pengo" imejaa! Zimebaki chache, na moja inaniuma: mteja alinikubalia bei kwa barua, Mei 2020. Haipo Inbox, haipo Pengo. Na kumwomba anitumie tena naona aibu.

Binti_Wino:
Ulimjibu?

Taa_Gizani:
Nilimjibu, ndiyo. Kwa nini?

Binti_Wino:
Folda ya zilizotumwa ina faili lake, haikuguswa na huu mkasa. Fungua jibu lako, ushuke chini. Watu wengi hatufuti maneno ya mwenzetu tunapojibu.

Taa_Gizani:
Yapo. Maneno yake yote, na bei, na tarehe. Nimekaa hapa nacheka peke yangu.

FundiKimya:
Binti kanizidi leo, hilo sikuliwaza. Taa, kama seva yako inaruhusu IMAP, ambayo barua hubaki kwenye seva, hamia huko. Kama hairuhusu, angalau iambie programu iache barua kwenye seva siku 30 kabla ya kuzifuta.

Taa_Gizani:
Nitafanya leo. Swali la mwisho: programu imeniomba tena ruhusa ya kubana folda. Nikubali?

Mzee_wa_Nyaya:
Betri asilimia ngapi?

Taa_Gizani:
14.

Mzee_wa_Nyaya:
Mwanangu.