Mjadala: Boa gani anafaa kufugwa Unguja, na je, tumruhusu kabisa?

Mpishi wa Fuoni (mwenye mada)

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina jambo limenikaa moyoni tangu nirudi nyumbani. Kila nikilitaja barazani watu wanainuka, basi nalileta hapa.

Nimekaa Hamburg miaka kumi na moja, kazi yangu upishi, na huko nilifuga nyoka. Boa, si chatu. Wengi hawaijui tofauti yao: chatu hutaga mayai na kuyazungushia mwili, boa huzaa watoto hai. Wote hawana sumu, wanaua kwa kubana. Wangu alikuwa dume wa aina ya imperator, asili yake Amerika ya Kati, urefu mita 1.7. Nikikaa kupumzika baada ya zamu alikuwa akijikunja mkononi mwangu kutafuta joto. Anakula mara moja kwa wiki mbili, hana kelele, na ukimsafishia hanuki. Nilipoondoka nilimwachia rafiki yangu.

Kwetu nyoka akionekana anauawa, na mtu akikutwa naye anaitwa mchawi. Mimi nasema tuwe na vibali kama nchi nyingine, mtu afuge kwa utaratibu. Swali linalofuata ni aina gani.

Nimewapima hivi. Boa constrictor mwenyewe, wa Amerika ya Kusini, ni mkubwa mno. Jike anaweza kufika mita tatu, na nyoka wa kiasi hicho hashikwi na mtu mmoja. Namtoa. Boa wa Dumeril ni jirani yetu wa Madagascar, mtulivu, lakini yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, yaani orodha ya wenye ulinzi mkali zaidi, na Tanzania ni mwanachama. Namtoa naye. Wanabaki watatu: imperator, boa wa upinde wa mvua kutoka Brazil, ambaye ngozi yake ikipigwa na jua inatoa rangi kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji, na boa wa mchanga wa Afrika Mashariki, mdogo, jike hafiki mita moja na dume ni nusu yake, anashinda amejifukia mchangani kichwa tu nje.

Mimi namwelekea imperator: hasumbui kulisha, anavumilia, anakula chochote chenye manyoya au mbawa. Nipeni hoja.

Mama wa Jang'ombe

Waaleikum salaam kaka. Sikutukani, ila umesahau uko wapi. Nyumba zetu zimeshikana. Dari yangu na ya jirani ni moja, panya wanapita juu kutoka chumba hadi chumba, na anapopita panya nyoka anapita. Watoto wangu wanalala chini kwenye godoro. Wewe unamjua ni mpole. Mimi nikimkuta saa nane ya usiku na tochi ya simu sina wa kumuuliza ana sumu au hana.

Na hili la uchawi usilipite haraka hivyo. Kisiwa hiki watu waliamini wako wafugaji wa chui, wanaowatuma kwa majirani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 walisakwa chui na wakasakwa walioitwa wafugaji wao. Leo ukitaka kumwona chui wa Unguja nenda makumbusho, amejazwa pamba. Bibi yangu alikuwa mtu wa Makunduchi, alitusimulia mtu aliyehama kijiji na wanawe kwa kuambiwa tu “yule anafuga”. Hakuwa na hata paka.

Sasa wewe ukifuga boa Fuoni, na mtaa ukajua, kila chatu atakayeonekana shamba ataambiwa katoka kwako. Ataumia chatu wa msitu wa Jozani ambaye hajui lolote, na wataumia wanao skuli.

Kijana wa Nungwi

Mimi naunga mkono. Wageni wanapenda kupiga picha na nyoka, na boa hana sumu. Vijana tungepata riziki ya halali pwani hapa, kuliko kuzurura.

Mpishi wa Fuoni

Mdogo wangu, hapo sipo nawe. Nyoka anayevishwa shingoni mwa watu hamsini kwa siku, juani, hawezi kujificha wala kumeng'enya chakula, huyo anakufa polepole. Boa akishikwa siku aliyokula anatapika, na akitapika mara kwa mara anadhoofu hadi kufa. Vibali ninavyovitaka visiwe vya pwani.

Mwalimu, Wete

Nimefundisha baiolojia muda mrefu, na hesabu yako naiheshimu, maana umempima mnyama kabla ya kumtamani. Lakini umempimia Hamburg.

Huko boa akitoroka, baridi ya Januari inammaliza. Mfugaji wa huko anahangaika na taa ya joto, mkeka wa umeme, chupa ya kunyunyizia maji, kwa sababu nje ya kizimba mnyama wake hana maisha. Kizimba cha kweli ni ile baridi. Sisi hatuna.

Chukua hao watatu wako mmoja mmoja. Imperator anataka upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzi joto 26 hivi na wa pili 32, na unyevu wa asilimia 60 hadi 70. Hiyo ni Fuoni dirisha wazi. Hutolipia umeme hata senti. Wa upinde wa mvua anataka unyevu wa 80 na kuendelea, na joto lisizidi sana 30. Huyo umemwelezea msitu wa Ngezi, huku kwetu Pemba, wakati wa masika. Hawa wawili watakaa kwetu raha mustarehe, ndani ya kizimba na nje yake.

Boa wa mchanga je? Utasema ni wa Afrika Mashariki, si mgeni. Ni wa nyika kavu: Tanzania ya kaskazini, Kenya, Somalia, anapanda hadi Misri. Anataka mchanga mkavu. Hewa yetu ya baharini ndani ya kizimba cha kioo itamletea maradhi ya mapafu. Utamwona anainua kichwa juu na kupumua mdomo wazi, na mapovu puani.

Kwa hivyo hapa kwetu unachagua baina ya nyoka atakayeteseka na nyoka atakayestawi. Kila sifa uliyoiandika ya kumfanya afae ndiyo itakayombakisha msituni akitoka. Umesema imperator hasumbui kulisha, anavumilia, anakula chochote chenye manyoya au mbawa. Naam. Nami naishi kwenye kisiwa chenye ninga, njiwa wa kijani, asiyepatikana kwengine duniani, na popo wa Pemba wanaolala juu ya miti kule Kidike, nao pia hawapo kwengine. Boa anapanda miti, naye anakula popo.

Mifano ipo. Cozumel, kisiwa cha Mexico, boa wachache waliachiwa 1971. Wakazaana na hadi leo wapo. Aruba alionekana wa kwanza 1999, na Aruba ni kisiwa kikavu, kidogo mara tisa kuliko Unguja. Wameshawakamata mamia, na hawajaisha. Katika uzao mmoja boa anaweza kutoa watoto ishirini, thelathini, mara nyengine hata sitini, na kila mmoja anazaliwa anajua kuwinda.

Kwa nini nende mbali. Kunguru aliletwa Unguja miaka ya 1890, naye kwa nia njema, ale taka za mji. Nani leo hapa anaweza kuanika dagaa bila ya kukaa na fimbo? Ndege wadogo wa mjini wamekwenda wapi? Kunguru tumewapiga risasi, tumewategea sumu na mitego, bado wapo.

Mkaazi wa Mkoani

Nyongeza ndogo. Katika Sahih Muslim, hadithi ya Bi Aisha radhiyallahu anha, nyoka na kunguru wametajwa pamoja, katika watano wanaouawa hata ndani ya Haram. Na ipo ile ya mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie, akaingia motoni. Sitoi fatwa. Mwenye nia ya kufuga amuulize sheikh wake kwanza, si baada ya kununua.

Daktari wa mifugo, mstaafu

Mwalimu kasema ya msitu, mimi niseme ya nyumbani.

Kwanza chakula. Huko Ulaya unanunua panya waliofugwa na kugandishwa, unawayeyusha maji ya moto. Hapa utawapata wapi? Ukimpa panya wa mtaani, huyo huenda kala sumu ya panya kwa jirani, na hata kama hakula ana vimelea vyake. Panya hai naye humuuma nyoka; nyoka asiye na njaa anaweza kutafunwa na panya akiwa ametulia tuli. Itabidi ufuge panya weupe. Yaani nyumba yako itakuwa na vizimba viwili, na huo wa panya ndio utakaonuka. Ukisema utawagandisha, umeme ukikatika siku nzima unajua kinachotokea ndani ya friza.

Pili, nyoka hubeba salmonela bila yeye kuumwa. Mikono ioshwe kwa sabuni kila ukimgusa, vyombo vyake visioshwe jikoni, na nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano ni bora isiwe naye kabisa.

Tatu, tiba. Maisha yangu yote nimetibu ng'ombe, mbuzi, punda na kuku. Nyoka nimeletewa mara moja. Vijana wawili wa shamba walinijia na chatu ndani ya gunia, kapigwa jembe ubavuni, na wao badala ya kummaliza wakamhurumia. Nilimsafisha, nikamshona. Nusukaputi sikumpa, kwa sababu sikujua kipimo chake na niliogopa kumuua. Wale vijana wakamshikilia. Sindano ya antibiotiki nilimpa kwa kukisia. Alikufa siku ya nne. Bado namfikiria, kwani alikuwa akinitazama tu, hakujaribu hata kuuma. Sasa boa wako akivimba mdomo, au akikwama gamba machoni, utamleta kwa nani? Mafunzo yetu wengi ni ya mifugo.

Na atakaa miaka 20 hadi 30. Mmoja katika bustani ya wanyama ya Philadelphia alipita 40. Wewe leo una umri gani?

Mpishi wa Fuoni

Nina miaka 46, daktari. Swali lako nimelielewa.

Mwalimu, nimesoma maneno yako mara tatu. Sikuwahi kulifikiria lile la baridi. Kweli, nilikuwa nikimfungia mlango wa kizimba kwa ndoano tu, si kufuli, na nikilala usingizi.

Lakini sijashindwa kabisa. Wakiruhusiwa madume peke yao? Dume hazai. Kila mmoja atiwe kichipu chini ya ngozi, kizimba chenye kufuli kikaguliwe, asiyefuata anyang'anywe. Kama hofu ni kuzaana, hapo imekwisha.

Mwalimu, Wete

Hapo umefikiri vizuri, na kwenye karatasi inapita. Lakini boa anauzwa akiwa mdogo, na jinsia yake haijulikani kwa macho. Hutumbukizwa kijiti chembamba nyuma ya tundu la haja, na mkono usiozoea hukosea au humuumiza. Ukipewa “dume” akaja kuwa jike, usijiambie hana mume hatozaa. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walieleza habari za jike wa boa aliyezaa watoto 22, wote majike, na vipimo vya vinasaba vikaonyesha hawana baba. Haitokei kila siku. Lakini kisiwani ikitokea mara moja tu inatosha.

Na mkaguzi nani? Watu wa misitu tulionao wanahangaika na wakata miti na wawinda paa nunga. Niwaambie waache paa nunga, waende Fuoni kuhesabu kufuli?

Kijana wa Nungwi

Sasa mbona mgeni akileta mbwa mkubwa kama ndama hakuna mjadala?

Mama wa Jang'ombe

Mwanangu, mbwa akitoroka anabweka, tunajua alipo.

Mpishi wa Fuoni

Naacha habari ya imperator Unguja, na ya upinde wa mvua pia. Nimekubali hoja ya Mwalimu na sina jibu lake. Boa wa mchanga nilikuwa nimeshamwacha tangu niliposoma habari ya mapafu.

Jambo moja siliachi. Yule chatu wa daktari hakuwa mgeni, alikuwa wa hapa hapa, na hakuna aliyejua kumtibu. Hawa wetu tunawaua kila siku kwa majembe, na wao wanatumalizia panya mashambani bila malipo. Kama nina miaka ishirini ya kumpa nyoka, basi bora niitumie kwa hao. Daktari, wale vijana wa gunia bado unawajua? Ningependa kuwaona. Miaka yote ile nilikuwa nikimshika wangu kila mwezi kumtazama mdomo na kumpima uzito, kushika najua.

Daktari wa mifugo, mstaafu

Mmoja yupo, anachoma mkaa bado. Mwengine kaenda Dar. Njoo Jumamosi baada ya alasiri.

Mama wa Jang'ombe

Na huyo wako wa Hamburg, kaka, nani anamlisha sasa?

Mpishi wa Fuoni

Rafiki yangu yule yule, dada. Ananitumia picha kila akijivua gamba. Mwezi uliopita limetoka zima, kuanzia puani hadi mkiani.