Natoka Mbeya kwenda kujitolea kufundisha Kiingereza Thailand, sijawahi kushika chaki. Nianzie wapi?

Mwana wa Uyole: Wakuu, heshima kwenu. Nimepata nafasi ya kujitolea shule ya msingi Thailand, muhula unaoanza katikati ya Mei. Kiingereza kinapanda, ualimu sikusomea. Nina miezi minne. Kipi kitangulie, na darasani wageni huangukia wapi?

Kalamu ya Risasi: Makaratasi kwanza, ndiyo yanayochelewa. Pasipoti unajaza mtandaoni, fomu unapeleka Uhamiaji mkoani, ada 150,000, na bila namba ya NIDA husogei. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa, NIDA na vyeti vya shule yafanane. Herufi moja ikipishana utarudishwa ukale kiapo. Chanjo ya homa ya manjano Thailand wanaidai kwa anayetoka Tanzania, na kadi yake huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano. Ukichanja wiki ya safari umejifunga mwenyewe.

Viza usifanyie mzaha. Kule hata kujitolea bila mshahara ni kazi, kunataka kibali. Waliokupa nafasi wakikuambia uingie kama mtalii watarekebisha ukifika, dai barua ya shule kwanza. Wakizungukazunguka, achana nao.

Shangazi wa Iringa: Mwanangu, huku mwalimu akikwama anarudi kwenye Kiswahili na darasa linaendelea. Kule huna pa kurudi. Hapo ndipo wengi huanguka, wala si kwenye sarufi.

Kwa hiyo amri ziwe fupi na zilezile kila siku: listen, repeat, stand up, kila moja na ishara yake ya mkono. Kipindi cha dakika 50, maneno mapya yasizidi 8. Onyesha picha, tamka mara tatu, darasa zima lirudie, kisha safu, kisha mmoja mmoja, ndipo waulizane wawili wawili. Ukiruka hatua ya safu, wanyonge watajificha nyuma ya sauti za wenzao. Usiulize "mmeelewa?" Wataitikia wote. Inua picha ya ndizi uulize kama ni samaki.

Kadi za picha kata kwenye manila, ukubwa wa A4, wa nyuma waone. Mpunga wa Kyela na migomba ya Tukuyu inafaa sana, wanaijua mimea hiyo, utaanza na kitu kilichomo vichwani mwao.

Mwana wa Uyole: Shikamoo shangazi, asante. Na lafudhi? Sisi Wanyakyusa r na l zinatutesa.

Shangazi wa Iringa: Marahaba. Na wao zinawatesa hizohizo! Jirekodi ukisoma rice na lice, right na light, dakika 10 kila siku. Kubwa zaidi ni mwisho wa neno: sisi tunabandika irabu, bus inakuwa basi, wao s ya mwisho huigeuza t, utasikia "bat". Ukiongeza irabu yako juu ya kosa lao, neno limekufa.

Kalamu ya Risasi: Kozi ya TEFL, yaani ya kufundisha Kiingereza kwa wasiokuwa nacho kama lugha mama, ya saa 120 itakusaidia, ila chagua yenye mazoezi na wanafunzi halisi. Isipokuwa nayo, omba shule ya jirani vipindi 6 na ujikataze Kiswahili kabisa.

Mnyalu Mpole: Usimguse mtoto kichwani hata kwa kumpongeza, na viatu vua pale wenzako wanapovua. Sweta la Uporoto liache nyumbani, Mei kule ni jasho tupu. Beba mashati mepesi yenye kola.