Tupeane uzoefu: mara yako ya kwanza kula kwenye bistro (mgahawa mdogo) ya Kifaransa ilikuwaje?

Mgeni_wa_Jiji
Wakuu, habari za jioni. Naanza mimi ili msione aibu.

Nilikuwa Paris kikazi, wiki mbili. Siku ya pili semina ikachelewa kuisha, nikatoka saa nane na nusu mchana na njaa inayouma. Nyuma ya hoteli nilishakiona kibistro kimoja: meza kama kumi na mbili, pazia jeupe linaloziba nusu ya dirisha, ubao mweusi umeandikwa kwa chaki. Nikaingia, nikavuta kiti, nikanyoosha mkono kumwita mhudumu. Yule mama akaniangalia kama nimeingia sebuleni kwake na viatu vyenye matope. "Bonjour, monsieur." Kisha kimya. Nikajua nadaiwa salamu, nikailipa. Akalainika kidogo, halafu akaniambia jiko limefungwa. Na watu watatu wanakula mbele ya macho yangu! Nikatoka nimekasirika, nikiamini nimebaguliwa.

Mwenyeji wangu alicheka sana. Chakula cha mchana ni saa sita hadi saa nane hivi, ukichelewa usubiri saa moja au moja na nusu usiku. Kesho yake nikarudi saa sita na robo, nikatanguliza bonjour tangu mlangoni, na mama yule yule akanipa meza ya dirishani. Nikaomba "menu" nikitaka orodha ya vyakula. Kumbe kwao "menu" ni mlo mzima wa bei moja, orodha ndiyo "carte". Akaandika, akaondoka! Ikaja supu ya vitunguu iliyofunikwa jibini iliyobabuka juu, likaja paja la bata lililopikwa taratibu ndani ya mafuta yake, ikaja krimu yenye sukari iliyounguzwa ikawa kama kioo. Yuro 24. Sikujuta hata senti.

Haya, nyie je?

Jamaa_wa_Nakuru
Afadhali yako. Mimi nilikuwa na bosi na wateja wawili, kwa hivyo sikutaka kuonekana mshamba. Kwenye ubao nikaona "steak tartare". Steak naijua, hilo la pili nikadhani ni sosi. Weita akaniuliza mara mbili kama naijua hiyo sahani. Nikajibu oui kwa madaha.

Jameni, ikaja nyama mbichi. Siyo kwamba haikuiva vizuri. Haikuwahi kuuona moto! Imekatwakatwa na vitunguu na haradali, na kiini cha yai kimekaa juu kinanitazama. Mimi ni mtu wa nyama choma, naagiza kilo na mifupa yake. Nilimaliza chipsi zote kwanza ili nijipe muda wa kufikiri. Halafu nikaonja. Haikunuka, ilikuwa kama kachumbari baridi ya nyama. Nikala nusu. Bosi mpaka leo anadhani ndicho chakula nikipendacho, na kila tukienda ananiagizia yeye mwenyewe.

Bint_Shangani
Mie shida yangu si moto, ni kitimoto na mvinyo. Mume wangu kasoma huko, akanambia chagua saladi utasalimika. Nkachagua saladi. Ikaja na vipande vya nguruwe vya kukaanga juu ya majani! Nkahamia kome, nikijua wa baharini hana neno. Nauliza wamepikwaje, naambiwa mvinyo mweupe. Ng'ombe naye kalazwa kwenye mvinyo mwekundu. Mwisho nkala samaki wa siagi na limau, na wallahi alikuwa mtamu, ngozi imekauka, nyama inamong'onyoka.

Kwenye vitamutamu nkaona jina "baba". Nkasema alhamdulillah, hapa nimefika kwa baba, huyu hawezi kunidhuru. Mume wangu akanyamaza makusudi. Keki ikaletwa, na mhudumu kashika chupa ya ramu anaimiminia palepale mezani.

Mgeni_wa_Jiji
Bint Shangani umenivunja mbavu. Huyo shemeji ana kesi ya kujibu.

Fundi_Sahani
Ndugu zangu, mimi ni mtu wa Bukavu, niko Lyon, Ufaransa. Miaka minne nilifanya plonge, ni kusema kuosha vyombo, kwenye bistro ndogo. Huku Lyon za namna hiyo wanaziita bouchon. Acha niwaambie mambo kutoka upande wa jikoni.

Huyo mama wa Paris hakukuchukia. Jikoni kwetu tulikuwa watatu tu: patron, ni kusema mwenye mgahawa, kijana wa saladi, na mimi. Patron alikwenda sokoni asubuhi mapema, akinunua vyakula vya siku hiyo basi. Ndiyo maana wanaandika kwa chaki, sahani ikiisha wanaifuta. Sisi tulikula saa tano na nusu, kabla ya wateja. Saa nane moto unazimwa, tunasugua jiko, tunapumzika, saa kumi na mbili tunarudi hadi usiku wa manane. Ukiingia saa nane na nusu, unataka yule aliyesimama tangu asubuhi awashe moto upya kwa ajili yako peke yako. Ukitaka kula saa yoyote, tafuta brasserie, ni kusema mgahawa mkubwa kuliko bistro. Nyingi hazifungi jiko mchana.

Na wote mjihadhari na "andouillette". Ni soseji ya utumbo wa nguruwe, harufu yake inakukuta kabla ya sahani. Mimi naipenda, lakini wageni wengi wanairudisha haijaguswa.

Mlimani_Kati
Nilisubiri bili dakika arobaini nikidhani wamenisahau. Kumbe hawaleti mpaka uombe, kuleta bila kuombwa ni kama kukufukuza. Na maji ya chupa nimelipa yuro 7 wakati jagi la maji ya bomba ni bure kwa anayekula. Sema tu "une carafe d'eau".

Sijali_Kitu
Mimi sikupapenda. Meza zimebanana, kiwiko cha jirani kinaingia kwenye sahani yangu, mkate wanauweka juu ya meza tupu. Kitu kimoja nawasifu: wanafuta mchuzi kwa mkate mpaka sahani inang'aa, hawaoni haya. Hapo nilijisikia nyumbani.

Mgeni_wa_Jiji
Fundi Sahani, asante, hasira yangu imekwisha leo rasmi. Narudi huko mwezi ujao. Nimeona mara nyingi "onglet" na "bavette", ni nini? Na naweza kuomba iive kabisa?

Fundi_Sahani
Zote nyama ya ng'ombe. Onglet inatoka karibu na kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, bavette ni ya ubavuni kuelekea tumboni. Ukisema "bien cuit" watakupikia, lakini patron atahuzunika, nawe utatafuna hadi jioni, maana nyama hizo zikiiva sana zinakuwa mpira. Sema "à point", bado utaona wekundu katikati. Kama hutaki damu hata kidogo, chukua ile ya kuchemshwa masaa mengi, bourguignon.

Bint_Shangani
Ndiyo hiyohiyo ya mvinyo mwekundu. Msimpoteze kaka wa watu.

Jamaa_wa_Nakuru
Mwacheni achukue tartare.