Naomba ushauri: kuzunguka Mlima Kenya kwa baiskeli ya barabara

Habari zenu wapendwa. Mimi na mwenzangu tunataka kuuzunguka Mlima Kenya kwa lami tupu, nje ya hifadhi: Nanyuki, Timau, Meru, Chuka, Embu, Karatina, Naro Moru, kisha Nanyuki tena. Tutalala Meru na Embu. Tunafikiria Februari, kabla mvua za masika hazijaanza.

Kinachonisumbua zaidi ni upande wa mashariki. Kati ya Meru na Chuka mito inashuka kutoka mlimani na barabara inatumbukia kila bonde na kupanda tena. Pale Daraja la Nithi watu wengi wamepoteza maisha, mabasi yakikosa breki mteremkoni. Waliopita hapo kwa baiskeli, mlipita saa ngapi? Pembeni mwa lami kuna nafasi ya kutosha, au malori yanakusukuma kwenye majani? Baiskeli yangu ina breki za rimu na tairi za milimita 28, nami naogopa rimu kupata moto. Kama ni busara kupanda pikapu kipande hicho, semeni tu, sitaona haya.

Pia, kutoka Embu ni heri kupitia Kerugoya hadi Karatina, au kushukia Sagana kwenye barabara kuu?

Na Timau: upepo huwa mkali asubuhi au mchana? Nimependa kuanzia Nanyuki ili mteremko wa kuingia Meru uje mwisho wa siku, ila aliyezunguka kinyume na hivyo anieleze aliona nini. Asanteni sana.