FM, satelaiti au bando: kwenye gari niweke ipi?

NoahYaMombo
Wakuu habari za mchana. Nimechukua Noah ya Japan, napiga ruti ya Tanga Lushoto, sa tatizo ni redio. Inaanzia 76 inaishia 90 basi, ukizungusha yote unaambulia shhhhh tu, na yule dada wa Kijapani ambaye kila nikiwasha gari anaongea maneno mawili matatu, sijui ananisalimia sijui ananitukana. Abiria wanataka muziki maana wakikaa kimya wanaanza kuangalia mshale wa spidi. Nimeulizia huku na huku nimepata ushauri wa aina tatu: fundi anasema nifunge ekspenda nipate FM, mdogo wangu anasema FM za wazee nichukue bando nistrimu, halafu shemeji yangu yuko Houston ananiambia kwenye gari lake ana redio ya satelaiti, chaneli kibao na haikatiki hata porini. Nataka sauti nzuri isiyonimaliza hela. Nishike lipi?

FundiBarabaraYaNane
Shemeji yako hajakudanganya ila hiyo ni ya kwao. Atakuwa anasema SiriusXM, ile imepangwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini, redio yake hata akikuletea kwenye begi huku itakuwa pambo.

Njoo kwenye ekspenda. Kile ni kidude kidogo kama kiberiti, kinakaa kati ya waya wa antena na redio, kazi yake ni kushusha masafa. Ukifunga ya 15, stesheni iliyo hewani 100.5 wewe kwenye kioo unaisoma 85.5, kwa hiyo redio yako ya 76 mpaka 90 inakamata 91 mpaka 105. Ya 20 inakupeleka 96 mpaka juu kabisa 108. Andika kwanza stesheni unazozipenda ziko ngapi ndo ununue, watu wanafunga tu halafu wanarudi kunilalamikia mimi. Na hakikisha ile waya ya ardhi imekaa kwenye bodi vizuri, ikilegea tu injini ikiwaka unasikia mluzi unapanda na kushuka kadri unavyokanyaga mafuta.

MzeeRaskazone
Vijana mnaongea satelaiti kama kitu kigeni. Sie tuliipata hapa hapa. Kulikuwa na WorldSpace, satelaiti yao ya AfriStar ilirushwa 1998 maalumu kwa Afrika, na nyumbani kwa kaka yangu Chumbageni redio yake ilikuwepo. Antena yake bapa kama jalada la daftari, unaiweka dirishani unaielekeza magharibi lakini juu sana karibu na utosi, halafu mtu yeyote asipite mbele. Shida yetu ilikuwa mwembe. Upepo wa kusi ukivuma matawi yanacheza, na muziki unacheza nayo, unakuja unakata unakuja. Lakini ikitulia bwana wee, sauti safi, hakuna mkwaruzo hata chembe. Kampuni ikafilisika 2008 hadithi ikaisha. Siku hizi satelaiti kwetu ni dishi la TV, na dishi huwezi kulifunga kwenye Noah ukapanda nalo Soni.

Mie jioni nakaa barazani na kiredio cha betri. Msimu wa kaskazi, joto likikaa juu ya bahari, FM za Mombasa zinaingia Raskazone kama ziko Ngamiani, asubuhi ukizitafuta hazipo. Waja leo waondoka leo.

BintiMakorora
Shikamoo mzee. Ila kaka wa Noah usisikilize wazee tu 😄 strimu ndo kila kitu, Spotify tunayo Tanzania tangu 2021, Boomplay ipo, unachagua mwenyewe unachotaka, hakuna tangazo la sabuni katikati ya wimbo (ukilipia lakini). Tuhesabu hela sasa. Ukiweka ubora wa kawaida wa 128 kbps saa moja inakula kama MB 58. Ukiendesha saa 8 kwa siku ni MB 460 hivi, siku 26 unakaribia GB 12. Ukijifanya mtu wa sauti kubwa ukaweka 320, saa moja tu ni MB 144. Kwa hiyo dawa ni kudaunlodi usiku nyumbani, mchana unapiga bila bando. Na mimi nakubali kitu kimoja, Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika intaneti ikawa ya kuomba dua, dukani kwangu kulikuwa kimya kama msibani, jirani yangu anauza chapati na redio yake inaimba taarabu tu hana habari.

NilikuwaStudio
Hapo kwenye sauti mniruhusu, nimekaa kwenye studio ya redio miaka kadhaa, sitaitaja. FM ya stereo kimaumbile sauti zake nyembamba kabisa zinaishia kilohezi 15, kwa sababu kwenye 19 ndo inakaa ile alama inayoiambia redio yako kuwa hii ni stereo. Strimu nzuri inapanda zaidi ya hapo. Lakini kwenye Noah, kioo kimeshushwa, Mombo kuna joto, mtoto analia, nani atasikia hiyo tofauti? Kinachoharibu FM zetu mara nyingi sio FM, ni wimbo wenyewe. Pale kwetu DJ alikuwa anapokea nyimbo kwenye WhatsApp, zimeshabanwa mara tatu, halafu kuna mashine ya kupandisha kila kitu kiwe juu, mpaka taarabu ya zamani violini inasikika kama filimbi ya trafiki. Hiyo hata uipitishe satelaiti itatoka hivyohivyo.

Halafu kitu hamjamwambia. FM inakwenda kama jicho, mlima ukikaa mbele haioni. Mombo kupanda Soni kwenye zile kona itakuwa inakuja na kuondoka, kona hii taarabu kona ile mahubiri. Ukifika juu inafunguka tena.

Na wale wa strimu, kama Noah yako haina Bluetooth utaishia kununua ile modyuleta ya kuchomeka kwenye laita ya sigara. Ile nayo inarusha FM! Kwa redio yako uiweke kama 88.1 maana juu ya 90 husikii. Yaani unalipia bando unatafuta ubora, mita moja ya mwisho wimbo unapita kwenye FM uliyoikimbia.

BintiMakorora
Hiyo ya modyuleta umenimaliza 😂 ndo ninayotumia kwenye IST

NoahYaMombo
Nashukuru wote, mzee shikamoo. Jana nimepita barabara ya nane nimefunga ya 15, na flashi nimejaza nyimbo kwa ajili ya zile kona. Leo asubuhi tumetoka stendi na taarabu, kufika Muheza zikaanza salamu za wasikilizaji, bibi mmoja siti ya nyuma akasema dereva ongeza huyo ni mjukuu wangu. Tukanyamaza gari zima. Alikuwa sio mjukuu wake.

Dada wa Kijapani bado yupo. Fundi, huyo anatolewaje?

FundiBarabaraYaNane
Huyo ni kile kiboksi cha kadi za kulipia barabara za kwao, kiko chini ya dashibodi. Kuna waya wa kuchomoa. Njoo kesho kabla ya saa nne.